Michezo ya ulimwengu huria: Kwa nini mgeni hupotea kabla ya safari kuanza

KIJANA anayeingia kwa mara ya kwanza katika kibanda cha PlayStation mjini Meru au Embu huwakuta wenzake wamejipanga kwenye benchi wakingoja zamu. Macho yao yako kwenye runinga, na masikio yanamfuata mtangazaji Mwingereza anayetaja wachezaji wa Arsenal na Manchester United. Kandanda ya runingani haimhitaji mtu kufundishwa. Kuna milango miwili, mpira mmoja, refa na kipenga, mambo ambayo kijana huyo ameyajua tangu alipokuwa akicheza na mpira wa makaratasi. Hata asipojua kitufe cha kupigia pasi, anajua pasi ni nini.

Mambo hubadilika diski inapobadilishwa. Kwa miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 2000, diski ya pili kwa umaarufu katika vibanda vingi vya Kenya, baada ya zile za kandanda, ilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas. Mchezo huu uliundwa mjini Edinburgh, Scotland, na kampuni ya Rockstar North, ukatolewa Oktoba 2004. Mwanzoni Carl Johnson, kijana mweusi anayerudi nyumbani kwa mazishi ya mamake, anatupwa na polisi wafisadi katika kichochoro cha mtaa wa maadui wake. Kando yake pana baiskeli. Magari yanapita, watu wanatembea, jua linawaka, na mgeni aliyeshika padi anageuka kuwauliza walio nyuma yake: sasa nifanye nini?

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala ambao umewashughulisha waundaji wa michezo ya video duniani kwa zaidi ya miongo miwili. Michezo ya ulimwengu huria, yaani ile inayompa mchezaji mji, nchi au hata sayari nzima na kumwachia achague pa kwenda na la kufanya, husifiwa kwa uhuru wake. Lakini uhuru huo umeandikwa kwa lugha, na lugha hiyo hufahamika tu kwa aliyekwisha kucheza michezo mingine kabla yake. Mgeni anayepotea hakukosa akili, bali amekabidhiwa kitabu kilichoandikwa kwa herufi asizozijua.

Michezo ya awali haikuwa na tatizo hili kwa kiasi hicho. Katika Super Mario Bros. wa 1985, mchezaji huenda upande wa kulia tu, na skrini haimruhusu kurudi alikotoka. Hata hivyo, wazo la uhuru lilikuwa limeshazaliwa. Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite, mchezo wa kufanya biashara baina ya nyota uliokuwa na makundi 8 ya nyota, kila kundi likiwa na sayari 256. Mwaka 1986 Nintendo ya Japani ikatoa The Legend of Zelda, ambamo shujaa huanza katika uwanja wenye njia kadhaa na mlango wa pango, pasipo maelezo yoyote. Grand Theft Auto III ya 2001 ndiyo iliyoufanya mji mzima wa kutembelewa pande zote kuwa jambo la kawaida, na San Andreas ikapanua mji huo kuwa jimbo lenye miji mitatu, jangwa, misitu na mlima.

Kikwazo cha kwanza cha mgeni ni mikono. Padi ya PlayStation 2 ina vijiti viwili: cha kushoto humtembeza mhusika na cha kulia hugeuza jicho linalomtazama. Aliyezoea huviendesha vyote kwa pamoja bila kufikiri, kama dereva anavyokanyaga klachi huku akibadilisha gia. Mgeni huvitumia kimoja kimoja. Anatembea, anasimama, anageuza jicho, anajikuta akitazama mbingu, anarekebisha, anatazama lami. Isitoshe, vitufe havina maana moja. Katika San Andreas, kitufe cha mraba humrusha Carl akiwa kwa miguu, lakini akiwa ndani ya gari hicho hicho hufunga breki. Mgeni ana mambo kumi ya kukumbuka kabla hajafikia hata moja la kufurahia, na hayo yote anayafanya mbele ya benchi lililojaa mashahidi. Mgeni ni kuku mweupe, na kibandani weupe huo hauna pa kujificha.

Kikwazo cha pili, ambacho ndicho kikubwa zaidi, ni macho. Ulimwengu wa mchezo umejaa alama ambazo mzoefu haoni tena kuwa ni alama. Duara jekundu linalong'aa barabarani humaanisha kwamba kazi inaanzia hapo. Herufi zilizo kwenye ramani ndogo katika kona ya skrini ni majina ya watu wanaotoa kazi hizo. Nyota zinazotokea juu ya skrini huonyesha jinsi polisi wanavyokutafuta kwa bidii. Picha ya diski ya kompyuta ya zamani, inayozunguka hewani ndani ya nyumba, ndiyo mahali pa kuhifadhi mchezo. Hii ya mwisho inastahili kutafakariwa kidogo. Mtoto aliyezaliwa Maua au Siakago mwaka 2000 huenda hakuwahi kuiona diski hiyo ya plastiki maishani mwake, na kwake picha ile ni kigae cha buluu kisicho na maana.

Ramani yenyewe ina utata wake. Ile ndogo ya kona huzunguka kadiri mchezaji anavyogeuka, hivi kwamba kaskazini haitulii mahali pamoja. Wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya huelekezana kwa kupanda na kuteremka, juu kuelekea mlimani na chini kuelekea tambarare za Mbeere, Tharaka na Mto Tana. Barabara kuu ya kutoka Embu hadi Meru, inayopitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, huvuka Thuci, Nithi, Mutonga na mito mingine, na kila mto una mteremko wake, kona zake na mwinuko wake. Katika nchi ya namna hiyo mtu hujua alipo kwa magoti yake. Los Santos, mji wa kwanza wa San Andreas, umejengwa kwa mfano wa Los Angeles, na sehemu yake kubwa ni tambarare ya mitaa inayofanana. Aidha, magari yake huendeshwa upande wa kulia, kama ilivyo Marekani. Mkenya hushika kushoto, kama alivyozoea kuona matatu zikifanya, kisha hushangaa kwa nini kila dereva anamjia usoni.

Yapo pia mambo ambayo mgeni huyafanya kwa akili timamu, na mchezo ukamwadhibu kwa akili hiyo. Husimama penye taa nyekundu, ilhali hakuna sheria ya mchezo inayomtaka asimame. Hujaribu kufungua milango ya nyumba, kwa kuwa mlango ni kitu cha kufunguliwa, kumbe milango mingi ya Los Santos ni michoro ukutani. Husubiri mpita njia amjibu. Mzoefu hafanyi lolote kati ya hayo, maana alishajifunza zamani kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu huo ni pazia. Kwa hakika, mgeni ndiye anayeuchukulia ulimwengu huo kwa uzito zaidi, na ndiye anayegundua haraka mahali ulipoishia.

Kifo cha kwanza humkanganya hata zaidi. Mhusika akipigwa risasi, skrini hufifia na neno moja la Kiingereza hutokea kutangaza kwamba yamekwisha. Katika mchezo wa kandanda kipenga cha mwisho humaanisha mwisho, kwa hivyo wako wageni ambao huirudisha padi hapo hapo. Wakingoja kidogo wangemwona Carl akisimama nje ya hospitali akiwa mzima, silaha zake zimetwaliwa na pesa zimepungua. Kifo katika michezo hii ni ada.

Lawama haiwezi kuwekwa kwa waundaji peke yao. Aliyenunua San Andreas dukani London au Chicago mwaka 2004 alipata ndani ya boksi kijitabu cha maelezo na ramani kubwa ya karatasi ya jimbo zima. Diski nyingi zilizofika vibandani mwetu zilikuwa nakala zilizochomwa, ndani ya karatasi nyembamba ya plastiki, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Kijitabu hakikuwapo. Ramani haikuwapo. Mchezaji wa Embu alipewa ulimwengu ule ule bila ufunguo ambao waundaji walidhani kila mtu angekuwa nao, na hili ni jambo ambalo wanaoandika kuhusu ugumu wa michezo hii katika nchi tajiri hulisahau mara nyingi.

Pengo hilo lilizibwa kwa mdomo. Waliosimama nyuma ya mchezaji ndio waliokuwa kijitabu: pinda hapa, usipite daraja lile, rudi nyumbani uhifadhi. Elimu ya mchezo ilisafiri kutoka benchi hadi benchi kama inavyosafiri elimu ya bao, ambalo Wameru huliita kiuthi na ambalo hakuna aliyelijua kwa kusoma karatasi ya kanuni. Mtu huketi kando ya wanaocheza, hutazama kete zikigawanywa mashimoni na kunaswa, huuliza, hukosea, husahihishwa. Tofauti ni kwamba kete za kiuthi ziko wazi mbele ya wote, ilhali kanuni za San Andreas zilikuwa zimefichwa, na walimu wenyewe walikuwa wamezibahatisha.

Palizuka pia maandishi ya kienyeji. Wanafunzi walinakili nyuma ya madaftari yao mifuatano ya vitufe ambayo ikibonyezwa kwa usahihi humpa mchezaji fedha, silaha, kifaru cha kijeshi au mtambo wa kupaa angani. Waundaji waliziweka siri hizo ndani ya mchezo kama kiburudisho cha pembeni. Vibandani ziligeuka kuwa mlango mkuu. Wapo vijana waliocheza San Andreas kwa miaka na wasijue hadithi ya Carl na nduguze, kwani hawakupata haja ya kufanya kazi hata moja. Waliita kifaru, wakavunja magari, wakafukuzwa na polisi, wakampisha mwenzao.

Ni rahisi kuwacheka, lakini walikuwa wakijibu hesabu ya kibanda. Mechi moja ya kandanda ina mwanzo na mwisho, na mwenye kibanda hujua ni sarafu ngapi za kudai. Aliyefungwa huondoka, aliyeshinda hubaki, na mstari husonga. Mchezo wa ulimwengu huria hauna kipenga, kwa hivyo hutozwa kwa dakika, na kila dakika ya kupotea ina bei. Katika San Andreas dakika 1 ya mchezo huchukua sekunde 1 ya saa ya ukutani, kwa hivyo siku nzima ya Los Santos hukatika kwa dakika 24. Aliyelipia nusu saa amenunua siku moja na ushei ya maisha ya Carl. Akiitumia kutafuta nyumba yenye kigae cha buluu, pesa yake imekwisha.

Kuhifadhi nako kulikuwa na mushkili. PlayStation 2 haikuhifadhi mchezo ndani yake yenyewe bali kwenye kadi ndogo ya megabaiti 8 iliyochomekwa juu ya tundu la padi. Kadi ya kibanda ilikuwa ya wote, na kazi ya mtu ingeweza kufutwa na mwingine aliyeihifadhi yake juu yake. Umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, safari yote ilirudi kichochoroni kwenye baiskeli. Mwanzoni mwa mchezo miji ya San Fierro na Las Venturas imefungwa kwa vizuizi madarajani, na anayevuka mapema huandamwa na polisi kwa nyota nne. Hufunguliwa hatua kwa hatua kadiri kazi zinavyokamilishwa, jambo linalotaka saa nyingi zilizohifadhiwa salama. Kwa wachezaji wengi wa vibandani, basi, jimbo lile pana lilikuwa mji mmoja kati ya mitatu, na mara nyingi mtaa mmoja wa mji huo. Embu kwenyewe kuna mtaa uitwao Dallas, na huenda kuna waliozijua kona za Los Santos kuliko za Dallas hiyo ya jirani.

Suala la lugha halina budi kutajwa. Toleo la Ulaya la San Andreas lilikuwa na maandishi kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania, na mazungumzo yake ni Kiingereza cha mitaani cha Los Angeles ya mwaka 1992. Mwanafunzi aliyepata alama nzuri katika Kiingereza cha shuleni hakuambulia mengi. Kinaya ni kwamba Kiswahili kilishafika mbali katika michezo ya kompyuta kwa njia nyingine. Wimbo wa Baba Yetu uliotungwa na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa 2005, wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ulitwaa tuzo ya Grammy Februari 2011, wa kwanza kutoka mchezo wa video kufanya hivyo. Kiswahili kimeimbwa mlangoni, lakini maagizo ya ndani yamebaki kwa lugha za wengine.

Wazazi nao walikuwa na wasiwasi wa aina nyingine, na haukuwa wa bure. San Andreas iliwekewa kiwango cha watu wazima Marekani na Ulaya, ilhali si siri kwamba vibandani ilichezwa na watoto wenye sare za shule. Ila wengi wa wazazi hao hawakutofautisha padi na mashine ya kamari, na waliokataza waliikataza michezo yote kwa pamoja.

Waundaji wameuona ugumu wa mgeni na wamejaribu kuutibu kwa njia mbalimbali. Minecraft, uliokamilishwa na Mojang ya Uswidi mwaka 2011, haukumwambia mgeni chochote hapo awali. Mchana wake hudumu dakika 10, kisha usiku huingia na mazimwi, na asiyejua kujenga kibanda cha udongo hufa usiku wa kwanza. Hata hivyo umeuza nakala zaidi ya milioni 300, nyingi kwa watoto, pengine kwa sababu udongo, mti na jembe havihitaji kamusi. Kampuni nyingine zimekwenda upande wa pili zikajaza ramani alama mpaka mchezaji akawa anafuata mishale badala ya kutazama mandhari. Mwaka 2024 palikuwa na ubishi mkali miongoni mwa wachezaji kuhusu rangi ya manjano inayopakwa kwenye miamba ili kuonyesha pa kupandia. Wazoefu waliiona kama tusi, wakisahau kwamba na wao walifundishwa na mtu.

Jibu linalosifiwa zaidi ni la Nintendo katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa Machi 2017. Mgeni huanzia kwenye uwanda ulioinuka, uliozungukwa na majabali, na hawezi kushuka mpaka apate kitambaa cha kuelea angani. Hapo juu kuna baridi, kuna moto wa kupikia, kuna adui wachache, kuna miti ya kuangusha ivuke genge. Anajifunza kila kitu kwa kukitenda, katika eneo dogo ambalo hawezi kupotea sana, huku akiona kwa mbali milima atakayoifikia baadaye. Mtalii anayeingia Mbuga ya Kitaifa ya Meru, yenye kilomita za mraba 870, hukuta njia panda zilizowekewa nambari. Nambari haimwambii aende wapi wala haimwonyeshi simba aliko, lakini humjulisha alipo, ili aweze kupotea kwa hiari na kurejea. Uwanda wa Zelda hufanya kazi hiyo hiyo.

Leo mgeni wa Nkubu au Kiritiri hukutana na michezo hii kwanza kwenye simu. San Andreas yenyewe ililetwa kwenye simu Desemba 2013, na michezo ya kupigana katika visiwa vikubwa kama Free Fire, uliotoka 2017, imekuwa ya kawaida mikononi mwa vijana. Vitufe sasa ni michoro juu ya kioo, vidole hufunika nusu ya kile kinachopaswa kuonekana, na dakika za kibanda zimegeuka bando za data. Benchi limetoweka pia. Anayepotea hupotea peke yake, na ingawa hakuna wa kumcheka, hakuna wa kumwambia apinde wapi.

Nchini Kenya majaribio ya kuunda michezo hayajakosekana. The Adventures of Nyangi wa Wesley Kirinya ulitolewa 2007, na Nairobi X wa Black Division Games ukafuata 2015, lakini hakuna kati ya hiyo ulio wa ulimwengu huria, aina ambayo hugharimu mamia ya watu na miaka kadhaa ya kazi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, kilichopata hati yake 2013, na Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata yake 2016, vinafundisha sayansi ya kompyuta kwa vijana ambao baadhi yao walianza kushika padi wakiwa wamesimama kwenye foleni ya kibanda. Kati ya waundaji wote, hao ndio wanaokumbuka vizuri maana ya kutupwa kichochoroni na baiskeli, bila ramani, huku dakika zikihesabiwa na mtu aliyesimama mlangoni.